Mwanza Anaitwa Uwanjani

Misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanatafuta viatu vyao kwa vidole vya miguu chini ya mabenchi, pale katekista Mulumba alipoinua mkono kuwazuia. Ilikuwa Novemba, mwaka wa hamsini na moja. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati la kanisa, basi akalazimika kupaza sauti.

"Siku ya kumi na moja ya huu mwezi tutakumbuka basoda, baaskari ya vita. Bale balipigana kule Abisinia batapata medayi. Kila muntu nitataja jina yake, afike ku uwanja, mbele ya biro ya teritwari, asubui."

Akaanza kutaja. Tamar hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa anakaza fundo la kitenge kifuani, mtoto wake mdogo Valérie amelala mgongoni. Ndipo Mulumba aliposema, "Mwanza Amédée, wa Kabondo-Dianda," akaendelea na jina lililofuata kama vile hakusema kitu.

Mkono wa Tamar ukabaki juu ya fundo.

Mwanza Amédée alikuwa mume wake wa kwanza. Walikaa pamoja Kabondo-Dianda muda mfupi tu, hata mtoto hawajapata, kabla ya jeshi kumchukua. Baada ya vita vya Abisinia, chifu alimwita Tamar na kumwambia kwamba serikali imeleta habari: Mwanza amekufa. Alikufa wapi, kwa nini, nani alimzika, chifu hakujua. Mama yake Mwanza, Bibi Ngoie, aliwakataza watu kukaa kilio. "Muniletee minyi muntu mwenye alimuona anakufa," alisema, "njo nitalia." Mtu huyo hakuja. Tamar alingoja, akangoja, mpaka wenzake wakaanza kumwonea huruma, na mwishowe akapanda treni kwenda Kamina kwa dada yake Léonie. Huko ndiko Ézéchias Kabamba, kijana wa Luputa aliyefanya kazi ya kuunganisha mabehewa kwenye reli, alipomwona na kumpenda. Padri alikubali neno la chifu, akawafungisha ndoa. Sasa walikuwa na wasichana wawili, Lucienne na huyu wa mgongoni.

Alimfuata Mulumba mpaka nyuma ya kanisa.

"Tata katekista, ule Mwanza wa Kabondo-Dianda, ni muzima?"

Mulumba alimtazama vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika ndoa ya Tamar na Ézéchias. "Mama, minyi nilisema ile niliambiwa kusema. Sikuambiwa nani muzima, nani alikufa."

"Lakini ulisema *afike*. Maiti inafika namna gani?"

Katekista aliangalia mvua, akasema atauliza. Kesho yake Tamar alikwenda mwenyewe kwenye biro ya teritwari, ofisi ya serikali, na mlinzi wa mlangoni akamwambia arudi siku ya sherehe kama wengine.

Ézéchias aliposikia, hakupiga kelele. Alikuwa anakula. Alimega tonge la bukari, akalifinyanga muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akalirudisha kwenye sahani.

"Mwanza iko wengi," alisema.

"Amédée? Wa Kabondo-Dianda?"

"Kama iko muzima, alikuwa wapi miaka yote?"

"Sijui. Balisema basoda bengine balibaki kule mbali. Misri. Palestina."

Lucienne alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza, wakanyamaza. Siku zile neno hilo lilikaa nao nyumbani kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Tamar alikwenda kisimani akasahau ndoo. Usingizi ukawa mwepesi. Alijiuliza: kama Mwanza yuko hai, basi mimi ni mke wa nani? Na watoto hawa, padri atawaitaje? Halafu swali baya zaidi likamjia, akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nalo lilimfanya aweke mchi chini: je, mimi naomba awe amekufa? Mtu ambaye aliwahi kunibeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, akicheka njia nzima? Alifanya ishara ya msalaba, akashika tena mchi. Lakini ombi lile halikuondoka moyoni.

Katikati ya wiki, wenzake wa reli walimleta Ézéchias nyumbani kabla ya saa ya kutoka kazini. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo, nayo ilikuwa imeloa damu.

"Vidole mbili," alisema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Muganga alisema vitabaki, lakini havitakunjika tena."

"Yesu! Namna gani? Weye unajua ile kazi kuliko bote!"

Alingoja wenzake waondoke. "Niliona muntu ku gare, pale bantu banashuka treni, na kofia ya soda wa vita. Alikuwa anaangalia huku na huku, sawa mwenye kutafuta nyumba ya muntu. Niligeuza macho kidogo tu. Behewa ikafika." Akafumba macho. "Hakuwa yeye, Mama Lucienne. Sijui hata sura yake, lakini nilijua hakuwa yeye. Alikuwa kijana."

Tamar alimpangusa jasho. Hakuwahi kumwona mume wake akiogopa, na jambo hilo lilimtisha kuliko damu.

Siku moja kabla ya sherehe, treni ya Bukama ilileta mgeni. Ézéchias, aliyekuwa nyumbani kwa ajili ya mkono, alimkuta mlangoni: mama mzee, mrefu, kitenge kipya hakijafuliwa hata mara moja, kikapu cha samaki wakavu kichwani.

"Hapa njo kwa Tamar?"

"Njo hapa, mamu. Ingia."

Tamar alitoka jikoni, akaiona sura hiyo, akapiga magoti palepale na kupiga makofi polepole kama alivyofundishwa kusalimu wakwe. Bibi Ngoie aliitikia salamu. Alikubali kiti, akanywa maji. Aliwaangalia watoto, mmoja kisha mwingine, akamwangalia Ézéchias na bandeji yake. Hakuuliza ni nani. Alijua.

"Habari ilitufikia na treni," alisema. "Banamuita mutoto yangu apate medayi. Miaka yote bantu balisema Ngoie ana kichwa mubaya. Minyi nilikuwa nasema: hakuna mwenye alimuona anakufa. Basi nimekuya kumuchukua."

"Mamu," Tamar alisema, "labda si…"

"Labda nini?"

Tamar alimsogezea maji tena.

"Kitenge hii nilinunua juu yake," mama mzee aliendelea, akiupapasa upindo. "Asinikute na matambara. Samaki pia ni yake. Weye, Tamar, sikulaumu. Muntu hawezi kukaa na tumbo wazi akingoja. Lakini kesho akikuuliza, utajibu mwenyewe. Minyi sitakujibia."

Ézéchias alisimama na kutoka nje. Tamar alimwona amesimama kwenye mvua nyepesi, ameipa nyumba mgongo, mkono ule mgonjwa ameukumbatia kama mtoto mchanga. Usiku huo Bibi Ngoie alilala na wasichana, na asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuoga.

Uwanja ulikuwa umejaa. Askari wa kambi kubwa mpya ya jeshi walikuwa wamepangwa kwa mistari, viatu viking'aa juu ya matope mekundu. Kamba ilikuwa imefungwa kuzuia raia. Upande wa nguzo ya bendera walisimama wanajeshi wa zamani, wengine na kofia zao za vita, wengine na makoti ya kiraia yaliyobana mabegani. Ézéchias alikuwa amekuja. Alisema hawezi kukaa nyumbani akisubiri kuambiwa. Alisimama nyuma ya Tamar, kwa umbali wa mtu asiyejua kama bado ana haki ya kusogea.

Tamar alipitisha macho kwenye ule mstari wa wanajeshi wa zamani. Huyu si yeye. Huyu mfupi mno. Huyu ana mvi, lakini hata Mwanza anaweza kuwa na mvi sasa. Wa mwisho alikuwa amewapa mgongo, anaongea na mpiga tarumbeta. Shingo yake ilikuwa nyembamba, bega moja limeshuka chini ya lingine. Tamar alisogea hadi kwenye kamba. Lile bega alilifahamu.

Bibi Ngoie naye alikuwa ameliona. Alimshika Tamar kiwiko, kucha zikaingia. "Yule," alinong'ona. "Yule pale."

Mtu yule akageuka. Alikuwa na uso mpana na kovu shavuni, na alipotembea kurudi mahali pake alichechemea. Hakuwa Mwanza.

Mkono wa mama mzee haukuachia kiwiko.

Mzungu wa teritwari alitoa hotuba ndefu kwa Kifaransa. Kisha afisa mmoja alisonga mbele akaanza kuita majina, na kila aliyeitwa alipaza sauti, "Présent!" yaani nipo, akapiga hatua moja mbele. Ilikwenda hivyo kwa muda. Kila jina lilipojibiwa, Tamar aliangalia aliyelijibu, kisha akangoja lililofuata.

"Mwanza Amédée!"

Kimya. Bendera iliyolowa ilipigapiga nguzo.

"Iko wapi?" Bibi Ngoie alisema kwa sauti. Watu waligeuka. "Banamuita! Juu ya nini haitike?"

"Mwanza Amédée!" afisa aliita mara ya pili, bila kubadili sauti, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba ataita mara mbili.

Yule mwenye kovu alipiga hatua mbele, akainua kidevu, akajibu:

"Mort au champ d'honneur!"

Tamar alikuwa amesoma kidogo kwa masista. Maneno yale alielewa yote, amekufa kwenye uwanja wa heshima, na kitu kilichofungwa kifuani mwake tangu Misa ya Jumapili iliyopita kikalegea ghafula. Ndiyo desturi yao, kumbe. Wafu wanaitwa pamoja na walio hai, na rafiki anawajibia. Hakuna aliyewaeleza. Alitaka kugeuka amtazame Ézéchias. Lakini mama mzee alikuwa anamvuta kiwiko.

"Anasema nini? Tamar! Ule muntu anasema nini juu ya mutoto yangu?"

Waliokuwa karibu waliangalia chini. Hakuna aliyetaka kulichukua neno lile. Tamar aliona kwamba ni yeye atakayelisema, yeye aliyekuwa akiliomba.

"Mamu," alisema. "Anasema Mwanza alikufa. Ku vita."

Bibi Ngoie alimgeukia. "Ni yeye anasema vile, ao ni weye?"

Neno hilo lilimchoma Tamar mahali palepale penye kidonda. Mama mzee aliachia kiwiko chake, akainama, akapita chini ya kamba.

Tarumbeta ilikuwa imelia kutangaza kimya cha kuwakumbuka waliokufa. Wazungu walishika kofia zao vifuani. Askari walisimama kama miti. Na katikati ya kimya hicho mama mrefu mwenye kitenge kipya alikuwa anavuka uwanja, miguu mitupu ikichapa matope. Polisi mmoja alianza kumfuata, halafu akamwangalia mkubwa wake, na mkubwa wake hakutoa ishara yoyote. Tamar alijikuta naye amepita chini ya kamba. Hakukumbuka baadaye aliamua saa ngapi.

Bibi Ngoie alisimama mbele ya yule mwenye kovu.

"Weye," alisema, na uwanja mzima ulisikia. "Ulimuona na macho yako?"

Mtu yule alikuwa kwenye mstari, amri ilikuwa kusimama bila kutikisika. Macho yake yalibaki mbele, juu ya kichwa cha mama. Kisha akavua kofia yake, akapiga magoti kwenye matope na kupiga makofi mbele ya mama mzee, kama mtoto wa nyumba yake.

"Mamu, minyi naitwa Kyungu. Nilimuona. Nilimuzika na mikono yangu."

Hapo ndipo Bibi Ngoie alipolia. Haikuwa sauti ya uwanja ule. Ilikuwa kilio cha kijijini, mikono kichwani, jina la mtoto na majina ya babu zake kwa Kiluba, jina juu ya jina. Tamar alimkumbatia asianguke, na akiwa bado anamshika alisikia mwanamke mwingine akilia kwa nguvu, akagundua ni yeye mwenyewe. Hakuwahi kumlilia Mwanza. Hakuruhusiwa. Nyuma ya kamba wanawake wengine, waliokuwa na waume na kaka zao ambao hawakurudi, wakaanza mmoja mmoja, mpaka mpiga tarumbeta, aliyeanza kutangaza mwisho wa kimya, akateremsha tarumbeta yake bila kumaliza. Afisa aliyekuwa na medali mkononi alisubiri. Alisubiri sana. Mwishowe alikuja mwenyewe akaiweka kwenye kiganja cha mama mzee, akampigia saluti, akarudi nyuma.

Ézéchias ndiye aliyekuja kuwachukua. Alikuwa amebeba mwavuli wa mtu mwingine. "Tuende nyumbani," alisema. "Na weye, Tata Kyungu. Kilio kitakuwa kwangu."

"Kwako?" Tamar aliuliza.

"Wapi pengine? Ana nyumba gani hapa Kamina?"

Majirani walishangaa, wengine walicheka pembeni, mwanaume kuweka kilio cha mume wa kwanza wa mkewe. Lakini walikuja na kuni na unga, wakakaa.

Kyungu alieleza jioni, ameketi juu ya mkeka mbele ya Bibi Ngoie. Alikuwa mlinzi kwenye kambi mpya. Kwao kulikuwa Manono, na baada ya Abisinia jeshi lilimpeleka Nigeria, kisha Misri. Kabondo-Dianda hakuijua, na kila aliyemuuliza njia alisema ni mbali na barabara ni mbaya, basi hakuwahi kuwapelekea habari.

"Mamu, kuko kitu moja," alisema, akisugua kovu lake. "Afisa anasema champ d'honneur. Ni maneno yao. Mwanza hakufa na risasi. Tulipanda milima ya Saio, kule Abisinia, mu mvua, chakula ikakwisha. Alishikwa na tumbo ya kuhara damu. Nilikuwa naogopa kukuambia, utafikiri si kufa ya soda."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Kichwa yake ilikuwa hapa." Akagusa paja lake. "Alikuwa na homa. Alifikiri tuko ku gare. Kila mara aliniuliza kama treni ilishafika. Nikamuambia, bado, lala kwanza. Akalala."

Bibi Ngoie aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Wafwako," alisema. Asante. Halafu akasema lililomfanya Ézéchias ainue kichwa: atarudi Kabondo-Dianda kuzika shina la mgomba mahali pa mwanawe, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haupo, na kilio hakiwezi kuisha bila mke kunyolewa. Tamar lazima aje.

Kila mtu pale alijua hadithi za wajane waliokwenda kunyolewa wakabakishwa kuwa wake wa mdogo wa marehemu. Mwanza alikuwa na mdogo wake, Umba.

"Umba alishaoa, ana bibi yake," mama mzee alisema, kama aliyesikia mawazo yao. "Simuhitaji Tamar juu ya Umba. Namuhitaji juu ya Amédée."

Ézéchias alitembea nje ya nyumba, akazunguka, akarudi. "Unataka kwenda?" alimuuliza mkewe.

"Sitaki," Tamar alisema. "Lakini nitaenda."

"Acha batoto hapa."

Tamar alielewa: mama hurudi walipo watoto wake. Aliwapeleka wasichana kwa dada yake Léonie, akapanda treni na Bibi Ngoie na Kyungu, ambaye aliomba ruhusa kambini ili aseme mbele ya ukoo kile alichosema uwanjani.

Treni ambayo Tamar alikuwa ameahidi kurudi nayo ilifika bila yeye. Ézéchias alisimama kwenye kwe, jukwaa la stesheni, mpaka mtu wa mwisho aliposhuka, akachungulia hata mabehewa ya mizigo. Mvua imeharibu barabara ya kufika stesheni, watu wa Bukama walisema. Lori zimekwama. Alipita kwa Léonie, akawaambia watoto, "Mvua," na hakula. Treni iliyofuata nayo ilifika bila yeye. Kazini hakukuwa na kazi ya mtu mwenye mkono mmoja, lakini alikwenda stesheni kila siku, na wenzake walijifanya hawamwoni.

Tamar alipofika hatimaye, Ézéchias alikuwa karibu kumpita bila kumtambua. Mwanamke aliyeshuka alikuwa amenyolewa kichwa chote, amekonda, sketi imeganda matope hadi magotini. Kyungu alikuwa nyuma yake na kikapu.

"Balitaka kunibakisha," Tamar alisema, kabla ya salamu. "Si Umba. Bajomba. Balisema neno ya padri haiko neno ya ukoo. Mamu Ngoie alisimama mbele ya mlango na fimbo mpaka asubui. Alibambia, huyu alishalia kilio yake yote, mumuache aende."

Ézéchias alichukua kikapu kwa mkono mzima.

Kwa Léonie, Lucienne alimtambua mama yake mara moja. Valérie alikimbia kujificha nyuma ya mlango, akalia kwa hofu ya kichwa kile kisicho na nywele, na hakuna aliyeweza kumtoa. Tamar alichuchumaa sakafuni, mbali kidogo, asimtishe. Akaanza kumwita kwa sauti ya chini, jina lake tu, tena na tena, akingoja.